Siwa si tarumbeta: majibu ya maswali yenu kuhusu vyombo vya zamani

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu hapa kuhusu siwa ya Pate, ile pembe kubwa ya kupuliza ya masultani wa kisiwa cha Pate karibu na Lamu, nikajua nimemaliza, kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi mpaka nikawa nasoma usiku, mengine ya kweli kabisa, mengine ya kunitega (wewe wa Tanga uliyeuliza kama Nabii Daudi alikuwa anapiga gitaa la solo au la besi, nimekuona, tutaongea siku nyingine). Nimechukua machache. Majina nimeyaacha kwa sababu wengine mna kesi na wakwe humu ndani.

Naoa mwezi wa kumi, mchumba wangu kwao ni Lamu. Mjomba wake kasema kwao zamani harusi bila siwa si harusi, ni watu wamekusanyika kula pilau. Siwa ndo hili tarumbeta la harusini? Nikitaka kukodi nauliza wapi? (Bwana harusi mtarajiwa, Mombasa)

Hongera kwanza. Pili mjomba anakupima, usipanik.

Siwa si tarumbeta. Siwa ni pembe, tena pembe kubwa, na haipulizwi kwenye ncha kama unavyodhani, tundu la kupulizia liko ubavuni. Mtu akiiona mara ya kwanza anazunguka nayo kutafuta mdomo uko wapi. Na usitegemee wimbo, haiimbi wimbo, inatoa mlio mmoja au miwili mizito unaoingia kifuani, basi. Hiyo inatosha kwa sababu kazi yake haikuwa kuchezesha watu, kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wote mjini kwamba hapa kuna mwenye mji.

Na ni kitu cha zamani kweli. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimwona sultani anarudi kwake kutoka msikitini siku ya Ijumaa, mbele yake zinapigwa ngoma, pembe na mazumari. Halafu nenda mbele, Aprili 1498, Vasco da Gama yuko nje ya Malindi, mfalme anatoka na chombo chake kuja kuonana naye baharini, na mmoja wa wale Wareno kwenye shajara ya safari akaandika kwamba walikuwepo wapuliza matarumbeta na pia pembe mbili za ndovu zilizochongwa vizuri, urefu wake sawa na mtu, zinapulizwa kwenye tundu la ubavuni. Umeona? Tundu la ubavuni. Mreno hakujua jina lake ila alichokieleza ni siwa, na alishangaa kama wewe utakavyoshangaa.

Kwa hiyo karne na karne mfalme wa mwambao akitoka nje, siwa inatoka naye. Lamu walikuwa na yao ya shaba, ya kumimina, ina maandishi ya Kiarabu. Pate wakawa na ya pembe za ndovu, inazidi mita mbili, imeungwa kwa sababu hakuna jino la tembo litakalokupa kitu kile peke yake. Unguja nako, Mwinyi Mkuu, yaani mtawala wa wenyeji, aliyekuwa na jumba lake Dunga alikuwa na ngoma zake na siwa za mbao zilizochongwa, na hizo ndo zilikuwa utawala wenyewe, yaani ukizishika umeshika nchi. Mwinyi Mkuu wa mwisho alifariki 1873 na cheo kikaishia hapo, ila ngoma na siwa zikabaki, zikaishia makumbusho.

Sasa stori ya Pate ndo tamu na mimi kila nikiisoma nacheka. Habari za Pate, yale masimulizi ya zamani ya masultani wake, zinasimulia kuhusu mwanamke mmoja wa nasaba, Mwana Darini, ambaye alikuwa na machungu na Sultani kwa sababu watu wake walikuwa wameuawa. Sultani akawa anaandaa sherehe ya kuwatia jandoni wanawe, na siwa bila shaka italia kwake. Mwana Darini naye ana mtoto wa kutia jandoni. Afanye nini? Kuomba siwa kwa mtu aliyekuvunjia nyumba? Thubutu. Akamwita fundi hodari wa kuchonga, akamuuliza unaweza kunitengenezea siwa, fundi akasema naweza, zikanunuliwa pembe za ndovu, na kazi ikafanywa ndani kwa ndani hakuna anayejua. Siku ya siku mji unasikia siwa inalia, na haitoki kwa Sultani! Inatoka nyumbani kwa mwanamke!

Fikiria sura za watu siku hiyo. Yule mama hakushika upanga, hakutuma jeshi, kapuliza pembe tu, na kila mtu Pate akaelewa anachosema.

Hapo ndo utaona tofauti na tarumbeta. Matarumbeta ya harusi ya Dar, yale yanayopanda nyuma ya kirikuu wapigaji wameshikilia kofia upepo usizichukue, hayo ni watoto wa beni, na beni ni mtoto wa bendi za kijeshi za wakoloni, na yeyote mwenye hela anayakodi. Siwa huwezi kuikodi kwa sababu una hela tu. Harusi za wangwana (waungwana wenye ukoo) ndiyo, jando la watoto wao ndiyo, ila ilibidi ukoo wako uwe na haki ya siwa, na kulikuwa na watu maalumu wa kuipuliza na desturi ya kuwalipa. Mtu aliyehamia jana na majahazi yake kumi anaweza kuwa tajiri kuliko wote mjini na bado harusini kwake siwa isilie. Mjomba akisema "harusi bila siwa si harusi" anachosema hasa ni sisi si watu wa hivihivi. Mwambie umeelewa.

Ya kukodi hakuna. Ile ya shaba na ile ya pembe zote ziko makumbusho ya Lamu. Mimi nilizisimamia pale mpaka mlinzi akaanza kuniangalia vibaya. Nakushauri siku ukienda kupeleka barua ya posa wahi asubuhi, mchukue mjomba mkaingie wote makumbusho, mwache yeye ndo akueleze, wewe itikia tu. Harusini tafuta zumari na matwari (ngoma za duara za mkononi), utakuwa umefika.

Nimesoma hadithi ya zamani bibi harusi kapigiwa upatu mpaka asubuhi. Upatu si ule mchezo wa kupeana hela? (Mwanachama wa vikoba, Morogoro)

Haha. Hapana dada, hawakuwa wanachangisha. Upatu ni sahani ya shaba, kama sinia dogo, unaligeuza chini juu, unaliwekea kitu chini lipate nafasi ya kuvuma, unaligonga kwa vijiti. Lilikuwa linakaa pamoja na matoazi na ngoma kwenye sherehe za pwani, kazi yake kushika mwendo, tii tii tii, hata wapigaji wakilewa sifa upatu unawarudisha kwenye mstari. Neno moja, vitu viwili, na siku hizi ukisema "leo zamu yangu ya upatu" hakuna anayekimbilia kucheza, wanakuuliza umepokea ngapi.

Na ukipata nafasi tafuta kisa cha Fumo Liyongo kule Ozi na Pate, utaona kelele za vyombo hivi zilivyomwokoa mtu. Liyongo kafungwa, anasubiri kuuawa, kijakazi wa mama yake anayeitwa Sada anamletea mkate wenye tupa ndani, walinzi hawautaki kwa sababu ni mkate wa pumba. Lakini tupa ikikata pingu inalia. Basi akaomba apigiwe gungu, ngoma ya zamani ya pwani, aburudike kabla ya kufa, watu wakapiga na kuimba nje kwa nguvu zote, yeye ndani anakata minyororo. Sijui kama kuna siku nyingine shaba na ngozi zimefanya kazi ya maana kuliko usiku huo.

Mimi niko mpakani na Burundi. Wenzetu neno lao la ngoma na la utawala ni moja, kwanini? Na kwanini wanawake wao hawaruhusiwi kupiga? (Mwalimu wa sekondari, Kigoma)

Mwalimu, hili swali lingetosha gazeti zima.

Ni kweli, Kirundi na Kinyarwanda *ingoma* ni ngoma na ni ufalme, ukitaka kusema wakati wa utawala wa mfalme fulani unasema kwenye ngoma yake. Sisi Waswahili neno ni lilelile la Kibantu ila tumelipeleka upande mwingine, ngoma kwetu ni chombo, ni mchezo, ni sherehe yenyewe ("kuna ngoma kwa kina fulani"), na vijana sasa wanaita hata wimbo mpya ngoma, "kaachia ngoma". Kwao limepanda kwenye kiti cha enzi.

Na halikupanda kwa maneno matupu. Burundi kulikuwa na ngoma takatifu inaitwa Karyenda, ngoma ya mwami, yaani mfalme, watu wa kawaida hawaioni ovyo, inatolewa kwa nadra, hasa kwenye umuganuro, sherehe ya kupanda mtama, mwami ndo anafungua msimu na ngoma zinalia. Ngoma haikuwa inamshangilia mfalme. Ngoma ilikuwa ndo ufalme na mfalme ni mtu aliyekabidhiwa. Sasa angalia hii: Burundi ilipopata uhuru 1962 bendera yake katikati ilikuwa na Karyenda na mmea wa mtama. Novemba 1966 ufalme ukapinduliwa, na kitu cha kwanza kilichofutwa kwenye bendera ni nini? Ngoma. Mtama ukabaki peke yake kwa muda mfupi, halafu 1967 zikaja zile nyota tatu. Waliopindua hawakuwa wajinga, walijua ukiacha ngoma pale juu umeacha mfalme.

Si Burundi tu. Rwanda walikuwa na Kalinga. Ankole kule Uganda walikuwa na Bagyendanwa, ngoma ina boma lake, ina ng'ombe wake, inatolewa maziwa, yaani ngoma ina mali kuliko mimi na wewe mwalimu. Buganda mfalme wao, Kabaka, ana kundi zima la ngoma zinaitwa mujaguzo, na kila ukoo una mdundo wake, ukisikia unajua huyu ni wa ukoo gani bila kuuliza jina. Ndo maana Mei 1966 jeshi la Obote lilipovamia kasri la Mengo na Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza, muziki wa kasri nao ulikufa palepale, vyombo vikaharibiwa, wapigaji wakatawanyika, na ufalme uliporudi 1993 ilibidi watu watafute wazee wachache waliobaki wawafundishe vijana upya. Ukivunja ngoma za mfalme unajua unachovunja.

Sasa la wanawake. Kwa Warundi kupiga ngoma zile ilikuwa kazi ya koo maalumu, batimbo, kama pale Gishora karibu na Gitega, baba anamwachia mwana, kwa hiyo hata wanaume wengi tu hawakuruhusiwa, tusisahau hilo. UNESCO iliuweka mchezo wa ngoma ile ya kifalme kwenye orodha yake ya urithi 2014, na 2017 Rais wa nchi akasaini amri kwamba wanawake wasipige, wao wacheze ngoma zao za kike, na anayetaka kupigisha nje ya shughuli rasmi alipie faranga 500,000. Kumbe kabla ya hapo vikundi vya wanawake vilikuwa vimeshaanza na vinapiga vizuri tu.

Kinachonichekesha (kicheko cha uchungu kidogo) ni kwamba ile ngoma yenyewe sehemu zake zote zina majina ya mama. Ina tumbo, ina kitovu, vile vigingi vinavyoshika ngozi ni matiti, ngozi ya juu inaitwa kama ile ngozi ya kubebea mtoto mgongoni. Mwili wote ni wa mwanamke mzazi, na mwenye mwili haruhusiwi kushika fimbo. Waulize wanafunzi wako wanaonaje, utapata mdahalo wa vipindi viwili.

Lakini usidhani mambo ni ya upande mmoja. Kwetu pwani kuna msondo, ile ngoma ndefu nyembamba, na kwenye unyago msondo ni wa wanawake na mwanaume hana kazi pale. Marehemu Bi Kidude, mpaka uzeeni kabisa, alikuwa anaufunga kiunoni, anauweka katikati ya miguu, anaupiga kwa mikono miwili, na alifundisha wari wengi kuliko walimu wengi wa darasani. Mimi nikiwa mdogo shamba Unguja bibi alikuwa na msondo umefunikwa kanga nyuma ya mlango, nikaugonga mara moja tu, tu!, bibi akatoka jikoni na mwiko. Hakunipiga. Aliniangalia tu halafu akaufunika tena na kusema "hii haikuitiki wewe." Mpaka leo nikiona jina la ile bendi kongwe ya Dar, iliyoanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz na sasa ni Msondo Ngoma, wanaume watupu na magitaa yao, namkumbuka bibi na mwiko wake.

Binti yangu wa miaka 14 anataka kujifunza nyatiti. Baba mkwe amekataa, anasema mwanamke kukalia nyatiti ni mkosi. Nifanye nini? (Mama, Kisumu)

Mama, siwezi kuja kukaa kikao na baba mkwe, ila naweza kukupa vya kusemea.

Anachosema hakukitunga. Nyatiti, kile kinanda cha nyuzi, kwa Wajaluo ilikuwa ya wanaume kweli, na mpigaji hakuwa mburudishaji tu, ndiye aliyeitwa msibani kumsifu marehemu, anajua nasaba, anajua nani alipigana wapi, na anaweza kumsifu tajiri mpaka atoe ng'ombe na kumchoma mchoyo mpaka ahame meza. Mtu wa hivyo jamii haimpi kila mtu nafasi yake. Halafu angalia kinavyopigwa: nyuzi nane, zamani za mishipa ya ng'ombe, siku hizi wanatumia nailoni ya kuvulia samaki, mpigaji kakaa kwenye kigoda kidogo chini, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma, oduong'o, anagonga nayo fremu ya chombo, na mguuni kuna gara, njuga za chuma. Yaani mtu mmoja ni bendi nzima: gitaa, ngoma, kayamba na mwimbaji. Ukaaji ule wa miguu ndo wazee wengi walikuwa wanaona haumfai mwanamke.

Sasa ya kusemea: kuna Mjapani, mwanamke, anaitwa Eriko Mukoyama ila watu wanamjua kama Anyango, alikuja Kenya akakaa kijijini kwa mzee akajifunza mpaka akahitimu, na amezunguka nayo dunia. Kwa upole kabisa muulize baba mkwe, kama mgeni kutoka Tokyo alipewa, mjukuu wake mwenyewe ananyimwaje? Usimuulize mbele ya watu. Muulize akiwa ameshakula.

Na binti akianza, mwache aanze na masikio, aende kusikiliza wazee miezi kadhaa kabla ya kununua chombo, maana cha mapambo cha kuwauzia watalii kipo kingi na hakilii.

Chombo cha kwanza kabisa cha muziki duniani ni kipi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Cha zamani tulichonacho mkononi ni filimbi. Pango la Hohle Fels, Ujerumani, mwaka 2008 walichimba filimbi ya mfupa wa tumbusi, ina matundu matano, umri wake zaidi ya miaka 35,000. China, Jiahu, wana filimbi za mifupa ya korongo za miaka kama 9,000. Na Iraki kule Ur wakachimbua vinubi vya makaburi ya kifalme vya miaka kama 4,500, vingine vina kichwa cha fahali wa dhahabu, na wapigaji wake wamezikwa humohumo pamoja na bwana wao, kwa hiyo kazi ya uanamuziki ilikuwa na hatari zake tangu zamani.

Lakini usije ukaandika kwenye mtihani kwamba filimbi ilianza kabla ya ngoma. Mfupa unakaa ardhini, mti na ngozi vinaliwa na mchwa. Wewe uko Dodoma, ilimba na zeze za Wagogo ukiziacha nje masika mbili tu nenda kaangalie kimebaki nini. Vile vijiti vya chuma vya ilimba pengine, na hivyo kuna mtoto ameshavichukua.

Kila mwaka tunaambiwa matwari msikitini ni bidaa (uzushi katika dini), mwaka unaofuata yanapigwa tena. Nani alianza? (Kijana wa Mombasa)

Mi si shehe, la hukumu muulize shehe wako. La historia nakupa.

Kwa Lamu jina linalotajwa ni Habib Saleh, sharifu aliyezaliwa Ngazija akaja Lamu karne ya 19, akakaa upande wa Langoni, na yeye na watu wake wakajenga msikiti wa Riyadha. Maulidi yao yakasomwa na matwari ndani, kwa raha, sauti juu. Wakubwa wa mji wakachukia sana. Na hapa rudi kwenye lile jibu la kwanza la siwa, maana ni mji uleule! Wangwana walikuwa na siwa yao na maulidi yao ya kimyakimya, waliokuja kukaa Riyadha walikuwa wengi ni wageni, watu wa kazi za mikono, watu waliotoka utumwani, ambao hakuna aliyewahi kuwapigia chochote. Leo unawapa twari, ngoma ya duara ya mti na ngozi ya mbuzi ambayo mtu yeyote anaweza kuishika, hakuna nasaba inayoulizwa, halafu msikitini, mstari wa mbele. Hoja zilikuwa za dini, ndiyo, na wengine walikuwa na nia safi kabisa, ila mimi kwa maoni yangu nusu ya ugomvi ilikuwa ni nani sasa analia kwa sauti mjini. Leo maulidi ya Lamu watu wanatoka mpaka nje ya nchi kuja kuyahudhuria, na wajukuu wa waliochukia wako humo wanatikisa vichwa.

Mpiga zumari anapumua saa ngapi? Nimemwangalia harusi nzima hajapumzika. (Shabiki wa chakacha, Malindi)

Anapumua, ila huoni. Zumari lina mwanzi wa ukuti mdomoni na mara nyingi kuna kisahani cha kuegemeza midomo. Mpigaji anajaza mashavu hewa, halafu wakati mashavu yanasukuma ile hewa kutoka, anavuta nyingine kwa pua, haraka, sekunde hata haifiki. Sauti haikatiki. Ndo maana mashavu ya wazee wa zumari yamevimba kama wameweka kashata.

Unaweza kujifunza nyumbani. Chukua glasi ya maji na mrija, puliza mapovu, ukikaribia kuishiwa jaza mashavu, kamua kwa mashavu peke yake huku unavuta kwa pua. Mapovu yakikatika anza upya. Siku za kwanza utajimwagia maji, kwa hiyo usifanyie kwenye kochi.